Odometa moja, odometa mbili, au sahani saiti? Kuchagua testi ya udongo unaotitia ukilowa

Umechimba shimo la majaribio kwenye kiwanja, udongo ni mwekundu au wa kahawia, mkavu, ukuta wa shimo umesimama wima bila tatizo, ukigonga na sululu unaona mgumu tu, halafu injinia anakwambia huenda huu ni udongo unaotitia ukilowa, na maabara inakutumia kotesheni yenye testi tatu nne na bei zimepishana mbali kweli. Ulipie ipi? Hapa naziweka njia nne upande kwa upande (vipimo vya kawaida, odometa moja, odometa mbili, na sahani saiti; odometa ni kifaa cha maabara cha kukandamiza kipande cha udongo ndani ya pete), kila moja kwa maswali yaleyale, uchague mwenyewe kulingana na unachojenga.

Kwanza tuelewane ni udongo gani. Wengi wetu tumezoea kuogopa ule mfinyanzi mweusi wa mbugani, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Huu ni kinyume chake. Chembe zake zimepangana ovyo, zimeachiana matundu makubwa, na zimeshikizwa tu na mfinyanzi kidogo kwenye maungio, au chokaa na chumvi, au ule mvuto wa unyevu mdogo uliobaki kati ya chembe. Ukiwa mkavu unabeba mzigo vizuri, wala huoni shida. Maji yakiingia yale maungio yanalegea na udongo unashuka ghafla, mzigo ni uleule, hujaongeza hata tofali. Ni kama gunia la mkaa la lumbesa, kwa macho limejaa ila likitikiswa unaona mkaa ulikuwa umeegemeana tu.

Udongo wa hivi uko sehemu nyingi. China wana nyanda kubwa za udongo ulioletwa na upepo, na wana kanuni yao kabisa ya kitaifa ya kujenga juu yake, GB 50025. Luanda kuna michanga myekundu inayosumbua majengo. Mchanga wa Kalahari umetandaa kuanzia Afrika Kusini, Botswana, Angola, mpaka kusini-magharibi mwa DRC. California, upande wa magharibi wa bonde la San Joaquin, wakulima walipoanza kumwagilia ardhi ikatitia, kuna sehemu zilishuka zaidi ya mita 3 na hapakuwa na jengo lolote juu, na mfereji wa California Aqueduct ulipopita kule miaka ya 1960 ilibidi watengeneze madimbwi kwenye njia ya mfereji, ardhi ilowe na ititie kabisa, ndipo wajenge. Sisi huku tuna majivu ya volkano yaliyolegea kwenye Bonde la Ufa, na michanga myekundu ya maeneo makavu ambayo kuiona tu kwa macho haitoshi kuitolea hukumu.

Maswali ninayoyauliza kwa kila njia

Inahitaji sampo gani. Inakuambia nini hasa (inakupa alama ya hatari tu, au milimita unazoweza kuziingiza kwenye dizaini). Muda na gharama. Inadanganya wapi. Na inamfaa nani.

Ila kabla ya yote kuna jambo moja linaloweza kuua testi zote za maabara hata ukilipa pesa nyingi kiasi gani, nalo ni jinsi sampo ilivyochukuliwa. Unachopima ni mpangilio wa chembe, sasa ukiuvuruga umebaki kupima kitu kingine. Mashine ya kuchoronga kwa maji ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu imeshalowesha udongo kabla haujafika juu, kilichokuwa kititie kimeshatitia ndani ya shimo, maabara wanakupa majibu safi na wewe unafurahi. Bomba nene la kusukumwa nalo linaubana udongo uliolegea, kwa hiyo linakupa densiti kubwa kuliko ile halisi. Vile vipande vinavyotoka kwenye kijiko cha SPT (ile testi ya kugongelea bomba ardhini kwa nyundo na kuhesabu mapigo) usimpelekee mtu kwa kazi hii. Kilicho bora ni bonge, yaani unachimba shimo, unachonga bonge la udongo kwa kisu taratibu, unalifunga kwa nailoni na nta likiwa hapohapo lisipoteze unyevu, unaliweka kwenye boksi lenye pamba au maranda, na usilipeleke maabara kwa bodaboda tafadhali.

Na hizo namba za SPT zenyewe zisikutulize. Udongo huu ukiwa mkavu unaweza kukupa N (idadi ya mapigo) ya kuvutia sana, maana ule mvuto wa unyevu ndiyo unaoubana. Nimeona ripoti inasema udongo ni imara kwa sababu N iko juu, ukitafuta neno moja tu kuhusu maji hulioni.

Njia ya kwanza: vipimo vya kawaida na macho

Hapa hakuna mashine ya ajabu. Densiti kavu (uzito wa udongo mkavu kwa ujazo wake), kikomo cha umajimaji (ile likwidi limiti, yaani unyevu ambao udongo ukiufikia unaanza kuwa uji), unyevu wa asili, na mikono yako.

*Sampo.* Densiti lazima ipatikane bila kuvuruga udongo, iwe kwa silinda ya kukata, iwe kwa ile njia ya kumimina mchanga wanayoitumia watu wa barabara, au bonge lililopakwa nta. Vipimo vingine sampo iliyovurugwa inatosha.

*Inakuambia nini.* Kama kuna sababu ya kushuku au hakuna, basi. Kuna kigezo cha Gibbs na Bara cha mwaka 1962 ambacho nakipenda kwa sababu akili yake iko wazi: ukijaza maji matundu yote ya udongo huu, je, maji hayo yanazidi likwidi limiti yake? Kama yanazidi maana yake ukilowa kabisa utakuwa uji, na kinachoushikilia sasa hivi ni ukavu tu. Chukua udongo wenye densiti kavu 1.35 na densiti ya chembe zenyewe 2.65, zote kwa gramu kwa sentimita ya ujazo. Gawa 1 kwa 1.35 unapata 0.741, gawa 1 kwa 2.65 unapata 0.377, toa, inabaki 0.364, yaani matundu yakijaa maji unyevu unafika asilimia 36 hivi. Likwidi limiti yako ikiwa 30, shuku. Udongo huohuo ungekuwa na densiti ya 1.48 kwenda juu ungekuwa umetoka upande wa kushuku. Clevenger naye mwaka 1958, kwa udongo ule wa upepo wa Marekani, aliweka mipaka rahisi kwamba chini ya 1.28 tegemea kushuka kwingi, juu ya 1.44 kushuka ni kudogo.

Halafu kuna mambo ya mafundi wa Afrika Kusini yasiyo na gharama yoyote. Ukimaliza kuchimba shimo rudisha udongo wote uliotoka, ukiona hautoshi kulijaza shimo, wakati kwa kawaida udongo uliochimbwa hubaki mwingi mpaka unatengeneza kilima, hiyo ni dalili kwamba mle ndani kulikuwa na matundu mengi. Au chonga silinda mbili za udongo zinazolingana, moja iloweshe kidogo uikande kisha uirudishe kwenye umbo na unene uleule, ukiona imekuwa fupi kuliko mwenzake umeshapata jibu la awali. Na lenzi ya mkononi inakuonyesha vitundu vidogo kama vipo.

*Muda na gharama.* Siku mbili tatu, na ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Maabara yoyote ya vifaa vya ujenzi inaweza.

*Inadanganya wapi.* Michanga isiyo na mfinyanzi haina likwidi limiti ya maana, kwa hiyo kigezo cha Gibbs na Bara hapo hakifanyi kazi, na michanga hiyo ndiyo mingine inayotitia vibaya. Pia haijui gundi ya chokaa iko kiasi gani, wala mzigo wako ni upi.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, ila kama hatua ya kuchuja. Ikikuambia hakuna dalili na unajenga kitu chepesi unaweza kuishia hapo. Ikikuambia shuku, bado hujapata namba ya dizaini.

Njia ya pili: odometa moja

Hii ndiyo inayoombwa na wengi. Kipande cha udongo kinakatwa ndani ya pete, mara nyingi kimo chake ni milimita 20 hivi, kinawekewa mzigo kwa hatua kikiwa na unyevu wake wa asili mpaka kPa 200 (kilopaskali, kipimo cha mzigo kwa eneo), kisha kinamwagiwa maji na unasoma kimeshuka kiasi gani bila kuongeza mzigo. Kwa kawaida kinaachwa usiku kucha baada ya maji. Jennings na Knight, wa Afrika Kusini, ndio walioliweka jedwali la mwaka 1975 ambalo bado linatumika: chini ya asilimia 1 hakuna tatizo, 1 hadi 5 tatizo la wastani, 5 hadi 10 tatizo, 10 hadi 20 tatizo kubwa, zaidi ya 20 kubwa mno.

*Sampo.* Bonge zuri moja. Isiwe na kokoto, maana kwenye pete ya milimita 20 kokoto moja inaharibu kila kitu.

*Inakuambia nini.* Alama ya hatari. Mfano kipande cha milimita 20 kimeshuka milimita 1.3 baada ya maji, hiyo ni asilimia 6.5, kwa jedwali la Jennings na Knight uko kwenye "tatizo". Chukua kiwango cha Kimarekani cha ASTM D5333, ambacho kilishaondolewa ila maabara nyingi bado wanakinukuu, namba ileile inaangukia kati ya 6.1 na 10 ambako wanaita tatizo kubwa kiasi. Wachina kwao kuanzia asilimia 1.5 tu udongo umeshaitwa wa kutitia, na ukipita 7 ni mkali. Kwa hiyo ukisoma ripoti usisome jina la daraja, soma asilimia na mzigo uliotumika, maana majina yanatofautiana jedwali kwa jedwali.

*Muda na gharama.* Siku mbili tatu kwa sampo, mashine moja. Bei ya kati.

*Inadanganya wapi.* Hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Ile asilimia ya kPa 200 haisemi nyumba yako itashuka kiasi gani, ni kipimo cha kulinganisha udongo na udongo mwingine. Nyumba ya kawaida ya chini msingi wake hausukumi udongo kwa kPa 200, mara nyingi ni pungufu sana ya hapo, na udongo uleule ukiloweshwa chini ya kPa 60 unaweza kutitia kidogo tu, au ukatitia karibu sawa, inategemea ile gundi yake inavunjika kwenye mzigo gani. Huwezi kujua mpaka upime kwenye mzigo huo. Kwa bahati nzuri hakuna sheria inayokukataza kuomba maji yamwagwe kwenye mzigo wako halisi, yaani uzito wa udongo ulioko juu pamoja na mzigo wa msingi kwenye kina hicho. Waambie maabara kwa maandishi. Usipowaambia watamwaga kwenye 200 kwa sababu ndiyo desturi.

La pili ni msimu. Sampo iliyochukuliwa mwezi wa tano masika yakiwa yanaisha ina unyevu mwingi, sehemu ya kutitia imeshatokea au udongo umeshalegea wakati wa kupakiwa mzigo, kwa hiyo ukimwaga maji unaona namba ndogo. Udongo huohuo mwezi wa tisa ungekupa namba kubwa zaidi. Kwa hiyo unyevu wa sampo siku ya kuchukuliwa lazima uandikwe kwenye ripoti, na kama umechukua wakati wa mvua jua kwamba jibu lako ni la upande wa matumaini. Maabara nao wanapopakia mzigo inabidi wafunike kile kifaa kisikauke, na wasikae siku nzima kwenye kila hatua kabla ya maji.

*Inamfaa nani.* Mwenye mabonge mengi kutoka mashimo mengi na anayetaka kujua kiwanja kinatofautiana wapi na wapi. Mwenye mzigo unaojulikana na kina kinachojulikana. Nyumba za chini, ghorofa moja, maghala mepesi.

Njia ya tatu: odometa mbili

Wazo la Jennings na Knight hao hao, lakini la mapema zaidi, mwaka 1957. Unakata vipande viwili kutoka bonge moja, sehemu zilizo jirani. Kimoja kinapakiwa mzigo hatua kwa hatua kikiwa na unyevu wake. Kingine kinaloweshwa tangu mwanzo chini ya mzigo mdogo wa kPa 1 hivi kwa masaa 24, kisha kinapakiwa hatua zilezile. Unachora mistari miwili, unasogeza mmoja wima ikutane kwenye mzigo wa asili wa pale chini, halafu nafasi kati ya mistari ndiyo kutitia.

*Sampo.* Bonge moja kubwa na la hali ya juu kabisa, kwa sababu vipande viwili lazima vifanane.

*Inakuambia nini.* Kutitia kwenye mzigo wowote ule, na hapo ndipo inapoipita odometa moja. Unaweza kugawa ardhi yako matabaka, kila tabaka ukasoma asilimia yake kwa mzigo wake, ukazidisha na unene, ukajumlisha. Tabaka la mita 2 lenye asilimia 4 ni milimita 80. Tabaka la chini yake mita 1.5 lenye asilimia 1 ni milimita 15. Sasa una milimita 95 za kujadiliana na mtu wa dizaini, na mkibadilisha upana wa msingi au kina hamrudii testi, mnasoma tu sehemu nyingine ya mstari.

*Muda na gharama.* Kila hatua ya mzigo ikikaa siku moja unaongelea wiki au zaidi, na mashine mbili zimeshikwa. Ni ghali kuliko odometa moja hata ukizidisha mara mbili, maana anayefanya lazima ajue anachofanya.

*Inadanganya wapi.* Vipande havifanani. Huo ndio ugonjwa wake wa kudumu. Kimoja kina matundu ya mizizi, kingine hakina, mistari inaanzia sehemu tofauti na injinia anaisogeza mpaka ikae anavyopenda. Angalia densiti kavu ya mwanzo ya vipande vyote viwili, ukiona zimepishana sana hiyo testi irudiwe, usikubali maelezo. Kingine ni kwamba huku saiti udongo haulowi mpaka kujaa kabisa, maji yanashuka na kusambaa, sehemu nyingi zinabaki na unyevu wa nusunusu na kutitia kunakuwa kwa sehemu tu. Kwa hiyo odometa zote, moja na mbili, mara nyingi zinakupa namba kubwa kuliko itakayotokea. Mimi binafsi sioni kama ni kasoro mbaya, ila kwa jengo kubwa inaweza kukusukuma kwenye nguzo za ardhini usizozihitaji.

*Inamfaa nani.* Jengo la ghorofa kadhaa, tanki kubwa, kiwanda, au pale ambapo bado mnabishana msingi uwe wa aina gani.

Watu wanauliza sana, je, namba za odometa moja na za odometa mbili zinalingana kwenye mzigo uleule? Zinakaribiana kwa udongo mwingi, siyo sawasawa. Ndiyo maana wengine wanafanya mseto ninaoupenda mimi: odometa moja kwenye mabonge mengi, kisha odometa mbili kwenye bonge moja au mawili ya tabaka lililoonyesha ubaya. Unapata uenezi na unapata mstari, na bajeti haifi.

Njia ya nne: sahani saiti na maji

Unachimba mpaka kina cha msingi, unaweka sahani ya chuma, ya milimita 300 au kubwa zaidi, unaisukuma kwa jeki chini ya ekskaveta au lori lililopakiwa, unafika mzigo wako, unaacha itulie, kisha unajaza maji shimoni na unaendelea kusoma geji.

*Sampo.* Hakuna, na hiyo ndiyo raha yake. Udongo uko pale ulipozaliwa, na kokoto zake kama zipo.

*Inakuambia nini.* Tabia ya udongo halisi chini ya mzigo halisi kwa maji halisi, pamoja na hali ya kulowa nusunusu ambayo odometa za kawaida haziiigi.

*Muda na gharama.* Siku moja mbili kwa kila sehemu ukiwa na mashine na boza la maji tayari. Mashine ikiwa ya kukodi, kila sehemu unayoongeza inauma. Kwa hiyo wengi wanafanya moja au mbili, kisha wanadai wamekijua kiwanja kizima.

*Inadanganya wapi.* Sahani ndogo inausikia udongo wa karibu tu, mara moja na nusu hadi mbili ya upana wake. Sahani ya milimita 300 inakuambia habari za nusu mita ya kwanza hivi. Msingi wako una upana wa mita 2? Tabaka baya likiwa mita 2 chini sahani haitalijua na utapata jibu zuri la uongo. Na maji yameshuka mpaka wapi? Ukimaliza chimba chini ya sahani upime unyevu kila sentimita 10, bila hivyo hujui ni unene gani umelowa na ile milimita uliyosoma haina cha kugawiwa nayo.

*Inamfaa nani.* Udongo wenye kokoto au ulioganda kwa chokaa kiasi kwamba kukata pete haiwezekani. Mradi wenye mashine tayari saiti. Na mtu ambaye namba za odometa zimemtisha na anataka kuhakiki kabla hajalipia suluhisho la gharama.

Ndugu mkubwa wa njia hii ni dimbwi la majaribio. Wachina wanalitaka liwe na upana usiopungua kina cha tabaka linalotitia na pia lisipungue mita 10, hakuna mzigo wowote juu, unajaza maji unaangalia kama ardhi inatitia kwa uzito wake wenyewe. Ikizidi milimita 70 wanaiweka kwenye kundi la ardhi inayotitia yenyewe. Kwa nyumba ni anasa. Kwa mfereji au bwawa ni suala jingine.

Kitu ambacho hakuna hata moja inayokipima

Machi 2018 kule Suswa, Kenya, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, ardhi ilipasuka baada ya mvua kubwa, wanajiolojia wakabishana kama ni Bonde la Ufa linajitenga au ni maji yamechimba majivu ya volkano chini kwa chini. Sitaki kuamua ugomvi huo hapa. Nautaja kwa sababu udongo kubebwa na maji na kuacha mapango ni kitu tofauti na udongo kutitia ukilowa, na odometa haikuambii lolote kuhusu kubebwa. Ukishuku hilo omba testi za udongo unaotawanyika majini, ya tundu la sindano au ya kudondosha punje kwenye maji.

Sasa uko wapi wewe?

Unajenga nyumba ya chini, bajeti ni ya mkopo, kiwanja kimoja: anza na njia ya kwanza, mashimo mawili au matatu, moja liwe pale litakapokaa shimo la maji taka kwa sababu hapo ndipo maji yatakapotoka kila siku. Ukiona dalili, odometa moja kwenye bonge la kina cha msingi, maji yamwagwe kwenye mzigo wako. Ikitoka asilimia 1 au 2 na tabaka ni jembamba, mara nyingi kuchimba, kulowesha na kushindilia upya, pamoja na kupeleka maji ya paa na ya choo mbali na msingi, kunatosha kujadiliwa na injinia. Usiruke kwenda sahani.

Ghorofa tatu nne: mseto. Odometa moja kwa wingi, odometa mbili kwenye matabaka mabaya, na mtu akuhesabie milimita za upande mmoja kulowa huku upande wa pili ukiwa mkavu, maana jengo linapasuliwa na tofauti kuliko na jumla.

Tanki kubwa la maji au bwawa la samaki: hapa kuvuja si jambo la kufikirika, chukulia kwamba litavuja. Odometa mbili, na namba ya kulowa kabisa uichukue kama ilivyo bila kuipunguza.

Mfereji wa umwagiliaji wa kilomita nyingi: vipimo vya kawaida njia nzima kila umbali mliokubaliana, odometa moja kwenye sehemu zenye dalili, na dimbwi la majaribio angalau kwenye sehemu mbaya zaidi. California walifika huko baada ya hasara.

Tuta la barabara au kifusi: watu wanasahau kwamba hata udongo ulioshindiliwa unaweza kutitia kama ulishindiliwa mkavu kuliko unyevu unaotakiwa. Hapa sampo iliyotengenezwa maabara inaruhusiwa, ila itengenezwe kwa densiti na unyevu ambao kontrakta kweli anaufikia saiti, siyo ule ulioandikwa kwenye mkataba. Odometa moja inatosha.

Udongo una kokoto au chokaa ngumu: sahani, na uchimbe chini yake baadaye.

Tayari una ripoti mkononi na imeandikwa tu "udongo unatitia kwa wastani": kabla hujalipia testi mpya piga simu maabara uulize vitu vinne, asilimia ilikuwa ngapi, maji yalimwagwa kwenye mzigo gani, sampo ilichukuliwa kwa bonge au kwa bomba na shimo lilichorongwa kwa maji au kavu, na unyevu wake ulikuwa kiasi gani na mwezi gani. Wakijibu vyote vinne huenda huhitaji testi nyingine. Wakishindwa hata lile la bonge au bomba, hiyo asilimia usiiingize kwenye dizaini, rudi saiti na kisu na nailoni uchonge bonge lako.